Sentimita Mbili na Robo

Watu wa Nairobi wakisikia unaishi Marekani hudhani wewe na mtungi mmeachana. Mimi nilitoka Githurai, ambako maji yakija Jumatano unajaza kila chombo mpaka sufuria ya chai, nikatua Fairbanks, Alaska, na nyumba ya kwanza niliyoweza kulipa kodi yake ilikuwa kabini isiyo na mfereji hata mmoja. Huko wanaziita kabini kavu, na wanafunzi kibao wanaishi ndani yake. Choo kiko nje, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, na pa kukalia ni kipande cha foamu ngumu ya bluu, kwa sababu baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri plastiki ya kawaida inakuwa adhabu. Maji unaenda kuchota mjini kwa mitungi, unalipa kwa galoni. Nilipompigia mathe kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani ulipanda ndege tatu kwenda kubeba maji?"

Si kwamba mji ni maskini. Shida iko chini ya sakafu. Sehemu nyingi za Fairbanks zimekaa juu ya udongo ulioganda, na ukichimba kisima humo au kupitisha bomba la maji taka, ama barafu inalivunja bomba, ama bomba linaiyeyusha barafu na kila kitu kinazama. Wengi wanaona heri mtungi.

Udongo huo unaitwa pamafrosti. Sijapata neno la Kiswahili linalotosha, na sishangai; lugha iliyokulia Lamu na Mombasa ingelitafuta la nini? Maana yake ni ardhi yoyote, iwe mchanga, mfinyanzi au mwamba, iliyokaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Hayo ni maelezo ya kitabuni. Kwa vitendo, kaskazini mwa Alaska ardhi imekaa hivyo tangu mamothi wakitembea huko, na pwani ya Prudhoe Bay imeganda kwenda chini zaidi ya mita 600. Juu yake kuna ngozi nyembamba inayoyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Wataalamu wanaiita tabaka hai. Mizizi yote iko humo, wadudu wote wako humo, na nilichoenda kusomea, ukiondoa maneno makubwa, ni swali moja: ngozi hiyo ina unene gani, na inaongezeka?

Mwenye kabini yangu, mzee mpole wa maneno machache, alikuwa anakuja kila mwezi wa tano na jeki mbili za lori. Kabini ilisimama juu ya vigogo, na juu ya kila kigogo palikuwa na skrubu nene kama mkono wangu. Alikuwa anaweka pima maji sakafuni, anazungusha skrubu, anaangalia, anazungusha tena. "Robo inchi tu mwaka huu," angesema, kama daktari anayekuletea majibu mazuri. Nilijua mapema kuliko yeye, kwa sababu nikiweka yai mezani lilikuwa linaelekea dirishani.

Sasa usidhani ni mambo ya mayai na vyoo tu. Kwenye udongo wa kaskazini ulioganda kuna kaboni kama tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya ile iliyo hewani leo. Ni mabaki ya mimea na wanyama ambayo hayakuwahi kuoza vizuri kwa sababu friji haikuzimwa. Ikizimwa, bakteria wanaanza kula, na wanachotoa ni kaboni dioksidi, na pale penye maji yaliyotuama, methani. Nje kidogo ya Fairbanks, mahali panapoitwa Fox, Jeshi la Marekani lilichimba handaki ndani ya pamafrosti miaka ya 1960. Tulipelekwa huko muhula wa kwanza. Unavaa kofia ngumu, mlango unafunguliwa, na kabla hujaona kitu harufu inakupata. Ni kama Gikomba upande wa samaki, mvua ikishanyesha, ila hapa chakula kimekaa miaka makumi ya maelfu. Mifupa ya nyati wa kale imechomoza ukutani. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilisimama nikiwaza kwamba hii ndiyo harufu ya kitu kinachoanza tu kuoza, na handaki lenyewe linapozwa kwa mashine ili kisioze zaidi.

Kupima tabaka hai hakuhitaji digrii. Unahitaji fimbo ya chuma yenye mpini wa herufi T, na mgongo. Mwishoni mwa Agosti, ardhi ikiwa imeyeyuka kadiri itakavyoyeyuka mwaka huo, unaisukuma fimbo chini mpaka ikatae, unashika pale ilipokutana na uso wa ardhi, unaitoa, unasoma. Ikigonga jiwe mkono unatetemeka na chuma kinalia. Ikigonga barafu inatoa sauti butu, kama kugonga mlango wa mtu aliyelala. Kuna mtandao wa dunia nzima wa watu wanaofanya hivyo, unaitwa CALM, ulianzishwa 1991, na viwanja vyake vikubwa ni vya kilomita moja kwa kilomita moja, pointi 121, kila moja mita 100 kutoka kwa nyingine.

Nilifanya kazi hiyo karibu na kituo cha utafiti cha Toolik, safari ya siku nzima kwa gari kwenda kaskazini kupitia barabara ya Dalton. Njia nzima unasindikizwa na bomba la mafuta lililokamilika 1977, kilomita 1,287, na zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu mafuta ya moto yangeyeyusha ardhi na bomba lenyewe lingezama. Walijua, unaona. Waliojenga bomba la kubeba mafuta walijua vizuri sana kwamba ardhi hii haitaki joto.

Kutembea kwenye tundra ni kama kutembea juu ya vichwa vya watu. Nyasi zinaota kwa mafundo, katikati ya mafundo kuna maji, na kila hatua inabidi uamue utaanguka upande gani. Mbu wa huko hawana malaria ila wana hasira. Mwisho wa Agosti, nashukuru, wengi wao wameshakufa. Tunaita namba, mwenzangu anaandika. 46. 51. 44. 63. 48. Pointi 121 zinakula siku, na jioni unakula kama mtu aliyetoka shamba kupalilia. Halafu unaangalia ramani unaona hicho kiwanja chako ni nukta. Jimbo dogo la North Slope ni zaidi ya theluthi moja ya Kenya. Hakuna migongo ya kutosha.

Ndipo setilaiti inapoingia.

Niliyoitumia zaidi inaitwa Sentinel-1, ya Shirika la Anga la Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Iko juu kilomita 693, na kila siku 12 inarudi kwenye njia ileile karibu kabisa. Haipigi picha kama simu yako. Inatuma mawimbi ya rada yenye urefu wa sentimita 5.6, yanagonga ardhi, yanarudi. Mawingu hayayazuii, wala usiku, na mahali ambapo jua linaweza kupotea miezi miwili hilo si jambo dogo. Wimbi linaporudi linakuja likiwa mahali fulani katika mzunguko wake, kama mshale wa saa. Siku 12 baadaye linarudi tena. Ikiwa ardhi imesogea hata kidogo, mshale unasoma tofauti. Ukitoa picha moja kwa nyingine unapata intaferogramu, ramani ya mistari ya rangi inayofanana na mafuta yaliyomwagika juu ya maji, na kila mzunguko mmoja kamili wa rangi ni sentimita 2.8 za ardhi kukaribia au kwenda mbali na setilaiti. Nusu ya wimbi, kwa sababu limeenda na kurudi. Kutoka umbali wa kama Nairobi hadi Arusha mara mbili na zaidi, chombo kinakwambia ardhi imeshuka upana wa kucha.

Data hiyo ni bure. Mtu yeyote wa Githurai mwenye bando la kutosha anaweza kuishusha, na kituo kimojawapo kinachoisambaza duniani kiko chuo kikuu kilekile cha Fairbanks, ndani ya jengo ambalo nilikuwa naenda kuoga. (Ukiishi kabini kavu unajua bafu zote za chuo.)

Lakini kuna kitu ambacho watu huruka wanapoeleza habari hii. Rada haioni kina. Wimbi la sentimita 5.6 halizami nusu mita kwenye udongo wenye maji likaenda kugusa barafu na kurudi. Linaona uso tu: umepanda au umeshuka. Kina unakipata kwa hesabu, na hesabu yenyewe inaanzia kwenye chupa ya soda iliyosahaulika frijini. Maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9, chupa inapasuka. Ardhi ya tundra inafanya hivyohivyo kila mwaka: baridi ikija inavimba, kiangazi inashuka. Chukua sentimita 50 za udongo ulioyeyuka, nusu yake maji. Hiyo ni sentimita 25 za maji. Asilimia 9 ya 25 ni 2.25. Kwa hiyo ukiona uso umeshuka sentimita mbili na robo kati ya Juni na Septemba, unaweza kurudi nyuma na kusema: chini pameyeyuka nusu mita.

Lin Liu, Tingjun Zhang na John Wahr walionyesha mwaka 2010 kwamba rada inaweza kupima kushuka huko kwa msimu kwenye North Slope, wakitumia picha za setilaiti za ERS za kati ya 1992 na 2000. Mwaka 2012 wakiwa na Kevin Schaefer wakaigeuza iwe ramani ya unene wa tabaka hai. Nilipoisoma makala ile mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Picha zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye kumbukumbu miaka yote hiyo.

Halafu unaanza kuitumia, na utamu unapungua. Ile "nusu yake maji" ndiyo inabeba kila kitu. Udongo wa mboji uliojaa maji kwa asilimia 80 utashuka sentimita zilezile mbili na robo ukiwa umeyeyuka sentimita 31 peke yake. Na changarawe ya kando ya mto, ambayo maji hayakai ndani yake, inaweza kuyeyuka mita nzima na isishuke cha kuonekana. Namba moja kutoka angani, vina vitatu tofauti ardhini. Nani atakwambia ni kipi? Mtu mwenye fimbo, na mwenzake mwenye koleo la kuchimba sampuli ya udongo.

Hiyo changarawe lakini ina kazi yake. Rada haikupi mwendo kamili, inakupa tofauti kati ya mahali na mahali, kwa hiyo lazima uchague sehemu unayoamini haijasogea, na wengi huchagua mwamba ulio wazi au changarawe za mito. Ukiambiwa umeshuka, uliza, umeshuka kuliko nani? Kisha kuna mvuke hewani unaochelewesha wimbi na kujifanya ni ardhi iliyosogea. Kuna mvua ya jana iliyolowesha udongo. Kuna theluji ya mapema inayoharibu picha nzima. Nimetumia wiki mbili za maisha yangu nikimtazama Septemba mmoja ambaye alikataa kuelewana na Juni.

Na kabla hujaona kwamba fimbo ndiyo mkweli wa hadithi hii: fimbo nayo inadanganya. Katika sehemu nyingi za Aktiki, sehemu ya juu ya pamafrosti imejaa barafu tupu, zaidi ya nafasi zilizo kwenye udongo. Joto likifika hapo, barafu inageuka maji, maji yanakwenda zake, na ardhi yote ya juu inashuka kujaza pengo. Mwaka huu fimbo inasema 48. Mwaka ujao inasema 48. Unaandika kwenye daftari kwamba hakuna mabadiliko, kumbe dari limeshuka pamoja na sakafu. Nikolay Shiklomanov na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka 2013, kutoka viwanja vya kaskazini mwa Alaska vilivyopimwa kwa miaka mingi. Kitu pekee kinachoona kushuka huko ni kile kinachopima urefu wa uso wenyewe kutoka nje, yaani GPS ya kupimia ardhi, au rada.

Kwa hiyo unavihitaji vyote viwili, na kila kimoja kinaficha siri ya mwenzake. Ndiyo maana kazi ninayoipenda zaidi katika fani hii ni ya Simon Zwieback na Franz Meyer, iliyotoka 2021. Hawakuuliza rada kina. Waliangalia lini ardhi inashuka. Kwa kawaida kiangazi kikianza tabaka linayeyuka haraka, kisha mwendo unapungua kadiri joto linavyolazimika kusafiri mbali zaidi kwenda chini. Ardhi ikianza kushuka kwa kasi mwishoni mwa msimu, wakati inapaswa kutulia, maana yake joto limefika kwenye ile barafu tupu. Waliyaona hayo karibu na Kivalina, kijiji cha Wainupiat kaskazini magharibi mwa Alaska, kiangazi cha 2019, ule mwaka ambao Anchorage ilifika nyuzi 32 tarehe 4 Julai. Hiyo si hesabu ya unene tena. Ni kujua ni wapi ardhi imeanza kuvunja mkataba.

Nilikaa wiki moja Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa wa Marekani. Huko familia za wavuvi wa nyangumi zina maghala yaliyochimbwa ndani ya pamafrosti, wanayaita siġḷuaq. Kifuniko cha mbao juu, ngazi inashuka gizani, nyama inakaa humo imeganda bila umeme. Maghala kadhaa yameingia maji, mengine kuta zimebomoka. Mama mmoja mzee alinionyesha la kwao. Alininywesha chai, akasikiliza maelezo yangu yote ya rada kwa adabu, rangi na sentimita na asilimia, kisha akauliza swali moja. Ghala letu lina muda gani?

Kipande kidogo kabisa cha ramani yangu kilikuwa kimemeza ghala lake, nyumba ya jirani, na nusu ya barabara. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akaniongezea chai.

Hapo ndipo shosho anaingia katika hadithi, ingawa yeye yuko Mai Mahiu na hajawahi kuona barafu ila kwenye ndoo ya muuza samaki. Mnaikumbuka Machi 2018, ule ufa mkubwa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na kila mtu mtandaoni akasema Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walisema polepole jamani: bonde la ufa linapanuka kweli, lakini kwa milimita kwa mwaka, na kilichoonekana pale ni mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano kutoka chini mpaka juu pakaporomoka. Shosho hakuwa na hamu na mjadala. Kuna ufa mwingine, mdogo, umekuja mpaka pembeni ya shamba lake la mahindi, na kila msimu wa mvua unakula kidogo.

Mwaka jana anko zangu wakafungua grupu la WhatsApp. Ajenda: tumhamishie shosho Naivasha ama abaki? Kuhama ni kuuza sehemu ya shamba. Kubaki ni kuomba Mungu. Mabishano yakaenda wiki mbili, mpaka anko mkubwa akaandika, "Si kuna mtaalamu wa mambo ya ardhi kuzama kwa hii familia?" Wote wakanitagi. Shosho akatuma sauti ya sekunde tisa: "Hiyo setilaiti yako inaangalia shamba ya wazungu tu ama inaweza kuangalia yangu?"

Swali la haki. Na jibu ni kwamba rada imekuwa ikiangalia Bonde la Ufa muda mrefu. Juliet Biggs na wenzake walichapisha 2009 matokeo kutoka setilaiti za Ulaya: Longonot ilipanda kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, Paka huko kaskazini sentimita 21 hivi kati ya 2006 na 2007, Suswa na Menengai zikashuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Milima yetu inapumua, na iliyogundua ni mbinu ileile niliyokuwa naitumia Alaska. Nikashusha picha zote za Sentinel-1 za Mai Mahiu nilizoweza, nikaziendesha usiku kwenye kompyuta za chuo.

Shamba lilitoka kama televisheni isiyo na antena. Mahindi yanakua, yanatikisika, yanavunwa, na kwa wimbi la sentimita 5.6 shamba la leo na la siku 12 zilizopita ni watu wawili wasiojuana. Katikati ya fujo hiyo palikuwa na nukta moja ing'aayo, imetulia miaka yote. Niliitazama muda kabla ya kuelewa. Ni mabati ya shosho. Paa lake linarudisha wimbi la rada kama kioo juani, kila baada ya siku 12, bila kukosa.

Na paa halikuwa limesogea. Milimita moja moja za kelele, basi.

Nikawapigia. Anko akauliza, "Kwa hivyo ni salama?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?"

Nilisema nilichojua. Nyumba haijazama. Lakini ufa wa aina hii haushuki polepole kama tundra. Maji yanatoboa njia chini, majivu yanakwenda, juu panabaki pamesimama kama ukoko wa ugali uliotolewa ndani, rada inaona sawa, sawa, sawa, halafu usiku mmoja wa mvua panaingia. Pia niliwaambia kwamba NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025, ina wimbi la sentimita 24 ambalo linastahimili majani zaidi, na huenda likaliona shamba lenyewe. Likaona uso wake, nikasisitiza. Si shimo lililo chini. Anko mdogo akaandika kwenye grupu, "Masomo ni kitu kizuri," na mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Shosho ndiye aliyetuvusha. Kumbe yeye alikuwa na vigingi. Saba, vya mti wa uzio, amevipigilia kwa mstari kutoka ukingo wa ufa kuelekea nyumbani, na kila Jumapili akitoka kanisani anapita kuvihesabu na kupima kwa hatua zake umbali kutoka ukingo mpaka cha kwanza kilichosimama. Alikuwa anafanya hivyo misimu minne. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nilipoona picha nilicheka peke yangu kwenye kabini, nikamuuliza mbona havijapangwa kwa umbali sawa, akasema alipigilia pale udongo ulipokubali.

Nilimwomba awe anatumia tepu ya fundi badala ya hatua, na anitumie tarehe. Sasa nina jedwali lake kwenye laptopu, faili lake liko pamoja na ya Toolik. Tulipowaweka anko kwenye simu tena, shosho mwenyewe akatoa masharti: kigingi cha nne kikienda, atahamia Naivasha bila kusukumwa, na hadi wakati huo mtu asiuze hata hatua moja. Kutoka cha nne mpaka ukuta wa jikoni ni mita 31. Niliona ni mbali kiasi cha kutosha, nikasema hivyo, na hiyo ndiyo sentensi pekee ya kitaalamu niliyoweza kuitia sahihi.

Cha kwanza kilienda kabla sijajua kuna vigingi. Cha pili kilienda na mvua ya Aprili, usiku. Jumapili iliyopita cha tatu kilikuwa bado kimesimama, kimeinama kidogo upande wa ufa. Alituma picha yenye kidole gumba chake pembeni, mchanga ukiwa umekauka juu ya kucha. Nimemwambia wakati mwingine aweke tepu ndani ya picha, tusome wote.